Besi ya Hunadi na Buti la Malkia

Ukitengeneza muziki Mamelodi Mashariki, hakimu wako ni mmoja, na hahongeki kwa bia wala kwa nyama choma: Malkia.

Malkia ni gari. Gari jeupe, la zamani kuliko nusu ya madereva wa mtaa, mlango wake mmoja wa nyuma hufunguka kwa ndani tu, na buti lake limejazwa spika mbili ambazo Malome Lesetja, yaani Mjomba Lesetja, alizifungia ndani ya mbao za kabati la marehemu baba yake. Koko Mosibudi, mama yake Lesetja, mpaka leo hajalisamehe jambo la kabati.

Utaratibu ulikuwa huu. Mtu akimaliza wimbo wake, analeta flashi getini kwa Malome. Malome anaichomeka, anafunga buti, anaweka kizibo cha soda juu ya kifuniko cha buti, halafu anaongeza sauti. Kizibo kikitulia, wimbo una njaa, rudi nyumbani kaulishe. Kizibo kikiruka na kuanguka, wimbo umevimbiwa, punguza besi. Lakini kizibo kikicheza palepale, kikizunguka kama bi harusi anayejua anapigwa picha, basi umepita, na Madimetja, dijei wa mtaa, ataupiga Jumapili. Wimbo usiopita kwa Malkia, Madimetja hata flashi yake haigusi.

"Spika za masikioni zinadanganya," Malome alipenda kusema, akipapasa buti. "Mke anadanganya, daktari anadanganya. Malkia hajui."

Hunadi alimfahamu Malkia kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akimwogesha. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa dada yake Malome, na kazi yake ilikuwa kuosha magari hapohapo getini. Kazi yake nyingine, ambayo moyoni aliihesabu kuwa ndiyo ya kwanza, ilikuwa besi. Alikuwa na laptopu iliyopita mikono mingi, yenye pengo la herufi mbili kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Betri yake ilishakufa kabla hawajajuana. Ukichomoa waya tu, giza. Ndani yake mlikuwa na programu ya besi, kinanda kisicho na mwili: vifundo vya kuzungusha kwenye kioo, na uwanja wa mistari ambamo unapanga vijisanduku vya kijani, kila kijisanduku noti moja.

Kwa vijisanduku hivyo Hunadi alikuwa ameshachezesha watu wengi wasiomjua. Besi yake ya kwanza kupendwa, kijana mmoja aliomba "kuisikiliza tu", akaondoka nayo, akaitoa kwa jina lake, akanunua gari. Gari hilo lililetwa kuoshwa getini. Hunadi akaliosha. Kijana akamwambia arudie matairi. Akarudia. Halafu akaingia ndani kutengeneza besi nyingine, maana alishagundua kwamba machozi yanaharibu kibodi.

Mwaka huu, hata hivyo, kulikuwa na besi ambayo hakuna kijana angeweza kuondoka nayo. Ilikuwa ya Koko, bibi yake.

Koko Mosibudi na wenzake walikuwa na kundi la kiba, kina mama wa Kipedi wenye njuga miguuni na magauni ya mikunjo, wanaocheza kwa ngoma nne kama walivyocheza mama zao kule Sekhukhune. Ngoma mbili ndogo, moja ya kati, na ile kubwa. Ile kubwa ndiyo iliyopasuka wakati wa baridi, ngozi yake ikachanika katikati ya harusi ya watu, pwaa, kama suruali. Mtengenezaji aliahidi nyingine "karibuni", na wote walijua karibuni ya mtu wa Sekhukhune inaweza kufika na Krismasi. Wakati huohuo Sikukuu ya Urithi ilikuwa inakuja, mwezi wa tisa, na kundi la Mamelodi Magharibi lilikuwa limeshathibitisha kwamba linakuja na ngoma zake zote nne, nzima, zimepakwa mafuta.

"Nitakutengenezea ngoma kubwa, Koko," Hunadi alisema siku moja mezani.

"Kwa kitu gani? Kwa sabuni ya magari?"

"Kwa kompyuta."

Koko akamega ugali, akachovya. "Kompyuta ina ngozi?"

"Haina."

"Basi sikiliza, uione kazi." Akasukuma sahani pembeni, akaanza kupiga meza. Vidole vya kushoto vikapiga ngoma ndogo, vya kulia ya kati, na kiganja kizima kikawa ile kubwa. Hunadi alikuwa ameusikia mpigo huo tangu akiwa mgongoni, lakini hakuwahi kuusikiliza. Ile kubwa ilichelewa. Kila mara ilikuja nyuma kidogo ya pale unapoitarajia, kama mama mwenye heshima zake anayeingia kanisani baada ya wimbo wa kwanza na bado anakwenda kukaa mstari wa mbele.

Programu haikupenda kuchelewa. Kila Hunadi alipoweka kijisanduku, programu ilikivuta kwenye mstari, kinyoofu, kama askari. Akaizima tabia hiyo. Akasogeza noti kubwa moja moja nyuma kwa unywele, akafunga macho, akasikiliza, akasogeza tena. Kwa sauti yenyewe alitumia mawimbi mawili: moja nene la chini kabisa, na jingine jembamba juu yake kwa ajili ya ule mlio mkavu fimbo inapogusa ngozi. Akaifanya kila noti ianzie juu kidogo kisha idondoke haraka, tuk!, kama gunia linalowekwa sakafuni. Akaongeza mkwaruzo kiasi, ili ing'ate. Kati ya noti na noti akaacha iteleze bila kukata pumzi. Ilipokamilika, alipoisikiliza masikioni, nywele za mikono zilisimama.

Akaipeleka kwa Malkia.

Kizibo kiliruka mpaka ng'ambo ya ukuta, kwa kuku wa jirani.

"Umevimbiwa huo!" Malome alicheka mpaka akashika kiuno. "Ile noti ya chini, mtoto wa dada, ile kubwa. Unataka kumzalisha Malkia kabla ya wakati?"

Hunadi akarudi ndani, akaipunguza noti ya chini. Kizibo kikaanguka. Akapunguza tena. Kikaanguka tena. Mwisho akaipunguza mpaka masikioni mwake ilibaki kama mtu anayenong'ona msalani, na hapo ndipo kizibo kilipobaki juu ya buti na kucheza vizuri, bi harusi kamili. Hakufurahi sana. Lakini sheria ni sheria, na kwa Malkia, kweli, wimbo ulipiga kama ulivyotakiwa. Kina mama walifanya mazoezi uani nyuma ya buti lile wiki nzima, vumbi likapanda, majirani wakaning'inia ukutani. Koko hasifu mtu. Koko akifurahi sana, anakuuliza kama umekula.

Hakuuliza.

*

Siku ya sikukuu uwanja wa shule ulijaa kabla nyama haijashika moto. Kila mtu alikuwa amevaa cha kwao, Wapedi, Wandebele, Watsonga, na vijana wawili waliovaa ngozi za chui za plastiki ambao hakuna kabila lililowakubali. Kamati ilikuwa imekodi vyombo kutoka mjini: minara miwili ya spika, mirefu kuliko goli, pamoja na mwenye navyo, Ntate Skosana, mzee mpole mwenye kofia ya jua na kiti chake cha kukunja.

Madimetja alipanda jukwaani, akavaa miwani, akasalimia mitaa yote kwa majina, akapiga wimbo wa kwanza. Wimbo wa kwao, uliopita kwa Malkia kwa heshima zote.

Ukatoka mwembamba. Piano ilikuwepo, makofi yalikuwepo, sauti ya yule dada ilikuwepo, lakini chini hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kuona mtu aliyevaa koti zuri na miguu ya kuku.

Akapiga wa pili. Uleule ugonjwa. Wa tatu.

"Tia besi!" watu wakaanza.

"Nimetia!" Madimetja akawajibu kwenye kipaza sauti, kisha akamgeukia mwenye vyombo. "Ntate Skosana, kwa heshima, hizi spika zako zimefunga? Ni mwezi wa toba?"

"Spika zangu zinasema mnachozipa, mwanangu," alisema Ntate Skosana bila kuinuka kitini.

"Umeleta makabati matupu, baba!" mtu akapiga kelele. Mtu wa kamati akasema kwa sauti ya juu kwamba malipo yatazungumzwa upya. Ntate Skosana akavua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena.

Hunadi alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa. Kina mama walikuwa waingie baada ya chakula, kwa wimbo wake. Upande wa pili wa uwanja, kundi la Magharibi lilikuwa limekaa kwenye mikeka, ngoma zao nne zimepangwa mbele kama watoto waliofaulu mtihani. Kiongozi wao, Mma Ledwaba, alikuja kabisa kumsalimia Koko.

"Mosibudi dada yangu, hujambo? Tumesikia ngoma yenu siku hizi inakula umeme."

"Inakula," Koko akajibu.

"Na umeme ukikatika? Mtapiga makofi?"

"Tutaazima mdomo wako. Unavuma wenyewe."

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono, kila mmoja akimwombea mwenzake aanguke.

Madimetja alimwita Hunadi. "Sikiliza, mpwa wa Malkia. Nataka kuujaribu wimbo wa kina mama kidogo, tuone. Nisije kuwaaibisha wazee wa watu mbele ya Magharibi." Akauweka, sauti ndogo, kisha kubwa. Ngoma ndogo zikaja safi. Ya kati ikaja. Na pale ilipotakiwa kuja ile kubwa, ile yenye kuchelewa kwa heshima, palikuja pengo.

Koko alikuwa amesogea jukwaani, fimbo mkononi, njuga zikilia. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Hizo ndogo nazisikia," alisema. "Kubwa mmeiacha nyumbani?"

Kabla Hunadi hajajibu, honi ililia. Malome Lesetja, aliyevaa kofia ya manyoya na shati lililokatwa kutoka kitambaa kimoja na pazia la sebuleni, alikuwa anamrudisha Malkia kinyumenyume katikati ya watu. "Pisheni! Pisheni hakimu apite! Mmeleta makabati ya mjini, mkamwacha Malkia nje ya geti, sasa mnalia njaa!" Akasimamisha gari, akanyoosha mkono apewe flashi, akachomeka wimbo wa Hunadi.

Ikapiga! Ikapiga mpaka vumbi likanyanyuka chini ya bampa. Ngoma kubwa ilikuwepo, nzima, nene, imechelewa vilevile kama alivyoipanga. Waliokuwa karibu wakapiga mayowe, wakamgeukia Ntate Skosana, wakamnyooshea vidole. Malome akaweka mkono kifuani kama mbunge.

Ila shangwe ilikuwa ya duara dogo tu. Watu wa upande wa pili walikuwa wameweka mikono masikioni, wakiuliza kulikoni. Malkia alifaa kwa uani. Kwa uwanja mzima alikuwa mbu.

Hunadi hakupiga mayowe. Swali la Koko lilikuwa bado linamtekenya. Wimbo mmoja, flashi moja. Huku ngoma kubwa ipo, kule haipo. Akasogea nyuma ya gari, na bila kufikiri sana, kama anavyofanya akilikausha kwa kitambaa, akalalia kifuniko cha buti kwa mikono yote miwili na kifua.

Ngoma kubwa ikafa.

Akajiinua. Ikafufuka. Akalalia tena. Ikafa.

"Toka hapo, unamkaba Malkia!" Malome akafoka.

Lakini Hunadi alikuwa ameshasikia. Ile noti ya chini haikuwa inatoka kwenye wimbo wake. Ilikuwa inatoka kwenye bati. Kile kifuniko kilikuwa kinaimba chenyewe, noti moja tu, ile ile, kila kilipotekenywa. Na kwa miaka yote hiyo, kila mtengeneza muziki wa Mashariki aliyekuja getini aliambiwa ana besi nyingi mno, akaikata noti hiyo mpaka kizibo kikacheza palepale, akaenda zake akijisifu. Nyimbo za mtaa mzima zilikuwa zimeacha ngoma yao kubwa kwenye buti la mjomba wake.

Alimtazama Malome, kofia yake ya manyoya, mkono wake bado kifuani. Huyu ndiye aliyemchukua akamlea, mama yake alipomwacha mdogo kwenda kutafuta kazi. Huyu ndiye aliyempa kona ya sebule na soketi ya umeme, akasema, "Piga kelele zako hapa." Ukimtoa Malkia, Malome alikuwa fundi wa zamani wa mabomba mwenye goti bovu. Kumwambia sasa, mbele ya kamati, mbele ya Mma Ledwaba?

Hunadi akamkimbilia Madimetja. "Una nyimbo ngapi kabla hawajaingia?"

"Kama hawatamfukuza Ntate Skosana kwanza, chache."

"Vuta muda. Nakuletea wimbo upya."

"Umepita kwa Malkia?"

"Madimetja, wewe vuta muda."

Laptopu ilikuwa kwenye begi. Kilichokosekana ni umeme. Nyaya za jukwaani zilikuwa zimejaa, na Ntate Skosana, baada ya kutukanwa vile, hakuwa mtu wa kuombwa kitu. Soketi nyingine pekee, ile ya ukuta wa darasa, ilikuwa imeshikwa na pampu ya jumba la upepo, lile la rangi ambalo watoto huruka ndani yake. Mwenyewe alikuwa dada mmoja anaitwa Pheladi, amekaa mlangoni na foronya ya kukusanyia viatu.

"Dada Pheladi, nakuomba soketi. Kidogo tu."

"Mna watoto humo ndani, wewe. Unataka niwakunje kama mashuka?"

"Ni kwa ajili ya Koko."

Pheladi akachungulia uwanjani, akamwona Koko amesimama peke yake na fimbo yake, na Mma Ledwaba akimtazama kwa huruma ya kuudhi. Akavuta pumzi. "Likigusa ardhi, utaeleza wewe kwa mama zao."

Hunadi akachomoa pampu, akachomeka laptopu, akapiga magoti chini ya dirisha la darasa. Nyuma yake jumba likaanza kuguna. Kompyuta ikawaka kwa uvivu wake wote, ikamsalimia, ikataka kumweleza habari za masasisho. Mnara wa kwanza wa jumba ukainama kama mlevi. Watoto wakashangilia, wakadhani ni sehemu ya mchezo.

Akafungua wimbo. Akaenda moja kwa moja kwenye noti ya chini, pale alipoikata mara baada ya mara kwa ajili ya kizibo. Akairudisha. Si nusu; yote, pale ilipokuwa siku ile kizibo kilipokwenda kwa kuku. Hakuwa na spika kubwa ya kumwambia ndiyo au hapana. Alikuwa na spika za masikioni tu, zilezile alizoambiwa zinadanganya, na meza ya Koko kichwani. Akasikiliza mara moja. Nywele za mikono zikasimama.

"Hunadi!" Pheladi akapiga kelele. Mnara wa pili ulikuwa umelala. Kutoka ndani ya plastiki kulisikika sauti ya mtoto ikiuliza kama wamekufa.

"Inahifadhi! Inahifadhi!"

Ikahifadhi. Akachomoa flashi, akarudisha pampu, akakimbia. Nyuma yake jumba likavuta pumzi na kuanza kujiinua, na watoto wakatoka wakikohoa kwa kicheko, wakiomba lizimwe tena.

Madimetja aliipokea flashi kama mtu anayepokea kitoto kichafu. "Kizibo kilicheza?"

"Hakuna kizibo."

"Hunadi, jina langu liko hapa."

"Na la Koko liko wapi?"

Madimetja akashusha miwani. Akachomeka. Kina mama walikuwa wameshajipanga, Koko mbele. Kundi la Magharibi lilikuwa limetulia kwa adabu nzito, kama watu waliokuja matangani.

Ngoma ndogo zikaanza. Ya kati ikaingia. Miguu ya kina mama ikaanza kusaga ardhi, njuga zikijibu. Hunadi alishika chuma cha jukwaa.

Halafu ile kubwa ikaja.

Ilikuja kwa kuchelewa, kwa heshima zake, ikaenda kukaa mstari wa mbele. Ilitoka kwenye minara yote miwili, ikapita uwanjani kwa chini, ikaingia watu kwa nyayo kabla ya masikio. Hunadi aliihisi kwenye chuma alichokishika. Vifuniko vya masufuria kwenye meza za chakula vilianza kugongana. Mtu wa kamati alijishika kifua kutazama kama ni moyo. Na Koko Mosibudi, mwenye miaka yake na magoti yake, alisimama kwa noti moja nzima, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali sana, kisha akainua fimbo juu na kushuka na ile noti ya pili mpaka vumbi likamfunika.

Uwanja ukapasuka. Kina mama wa Magharibi walivumilia kadiri ya uwezo wao, yaani kidogo sana. Mma Ledwaba ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupa kitambaa chini na kuingia, akilaani umeme huku anacheza. Ntate Skosana, kitini mwake, aliweka mguu juu ya mguu, akavuta kofia ya jua mbele kidogo, akawatazama wote waliomtukana mmoja mmoja.

Madimetja akashika kipaza sauti. Hakuwahi kumtaja mtu wa besi tangu aanze kazi. "Mamelodi!" akasema. "Hiyo ngoma kubwa mnayoisikia imetengenezwa na Hunadi. Hunadi wa kuosha magari. Mjukuu wa huyo mama hapo mbele. Na kama kuna mtu ana gari chafu, leo ajioshee mwenyewe!"

Yule kijana wa matairi alikuwepo pia, karibu na nyama. Hunadi alimwona. Akampungia mkono vizuri tu.

*

Ungedhani mambo yangeishia hapo, lakini Malome Lesetja hajawahi kuacha jambo liishie bila yeye.

"Lete flashi," alisema, mkono umenyooshwa. Watu walikuwa wamemzunguka. "Wimbo mzuri. Nimekubali. Lakini haujapita kwa Malkia, na sheria ni sheria."

"Malome, tufanye nyumbani."

"Hapa hapa. Mbele ya Magharibi."

"Malome, nakuomba."

"Unaogopa hakimu?"

Akachomeka. Akafunga buti. Akaweka kizibo. Akaongeza sauti kama alivyoizoea.

Noti ya kwanza kubwa, kizibo hakikuruka tu. Hakijapatikana mpaka leo. Noti ya pili, kifuniko cha buti kikalia kama ndege ya jeshi. Noti ya tatu, namba ya gari iling'oka, ikaanguka kifudifudi mavumbini, na baada yake skrubu moja.

Kicheko kikaanzia kwa vijana wa ngozi za chui za plastiki na kusambaa.

Malome alizima redio. Aliinama, goti lake likalia, akaokota namba, akaipangusa kwa shati la pazia. "Nieleze," alimwambia Hunadi, taratibu, bila kumtazama.

Sasa hapakuwa na pa kukimbilia. Akamweleza, sauti ya chini: kifuniko kinaimba. Noti moja. Kinaongeza kile ambacho wimbo hauna, ndiyo maana kila mtu aliambiwa apunguze. Akachukua mkono wa mjomba wake, akauweka kwenye bati, akaomba wimbo wa zamani upigwe kwa sauti ndogo, ule uliokatwa. Malome akalibonyeza bati. Ngoma ikafa. Akaachia. Ikafufuka. Akabonyeza tena. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeambiwa habari za mke wake na majirani wote wamesimama ukutani.

Hunadi alijiona mchawi. Wimbo wake ulikuwa umeshinda uwanja mzima, na alikuwa tayari kuurudisha wote kama ungemfanya mzee yule anyanyue kichwa.

Malome akakinyanyua mwenyewe. Akageuka kwa Madimetja, kwa watengeneza muziki waliokuwa wamejikusanya, kwa kamati, namba ya gari ameishika mkononi kama ngao.

"Kwa hiyo," alisema, sauti inapanda, "kwa hiyo miaka yote hii, nyinyi wote mlikuwa mnakuja getini kwangu na nyimbo nusu?"

Akaitikisa ile namba hewani.

"Nyimbo nusu! Na Malkia anawajazia nusu iliyobaki! Bure! Bila kutajwa jina hata kwa bahati mbaya!" Akapiga buti kofi. "Huyu si hakimu. Huyu ni mwanamuziki! Amepiga kwenye kila wimbo wa mtaa huu! Na nani amegundua? Mtoto wa dada yangu! Kwa masikio yake! Kwenye sebule yangu! Kwa umeme wangu!"

Kicheko kilirudi, lakini safari hii kilikuwa upande wake. Ntate Skosana aliinuka kitini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaja kumshika mkono Malkia, yaani kitasa. Madimetja alimletea Ntate Skosana sahani ya utumbo na ugali, na mtu wa kamati akasema malipo hayajawahi kuwa na tatizo, nani alisema yana tatizo?

Kabla jua halijashuka, flashi za watu zilikuwa zimeshaanza kumlundikania Hunadi kwenye kofia ya manyoya ya Malome, kila mmoja anataka noti yake ya chini irudishwe. Malome alisimama kando yake akipanga foleni. Kwa hiyo foleni ilikuwa ileile, hakimu tu ndiye aliyebadilika, na yeye hakutumia kizibo.

Koko alikuja mwisho, vumbi mpaka kwenye nyusi, njuga ameshazivua na kuzibeba begani. Alisimama mbele ya mjukuu wake. Akavitazama vile vidole vilivyochubuka kwa sabuni, laptopu yenye mapengo, kofia iliyojaa flashi.

"Umekula?" akamuuliza.